Gitaa la Nani?

Kwenye chumba cha babu yangu mzaa mama, kule Tanga, kuna msumari ukutani, na kwenye msumari umening'inia mkanda wa gitaa. Gitaa lenyewe halipo. Usilitafute chini ya kitanda wala juu ya kabati, mimi nilishatafuta sana utotoni.

Babu alikuwa mpiga rithimu katika bendi moja ya shirika, kuanzia miaka ya sabini mpaka themanini na kitu. Jina la bendi amenikataza kulitaja, anasema wengine bado wako hai na yeye hataki maneno. Siku aliyoacha kazi aliitwa ofisini, akakabidhi gitaa, akatia saini kwenye daftari la vifaa kama mtu anayerudisha jembe na reki. Karani akadai na mkanda. Babu akagoma. Mkanda ni wangu, alisema, nimeushona kwa mkono wangu mwenyewe. Wakabishana mpaka bosi akatoka chumba cha pili kuuliza kuna nini. Basi mkanda ukapanda basi kwenda Tanga, gitaa likabaki Dar es Salaam, na baada ya wiki mbili likawa mikononi mwa kijana mwingine. Miaka kumi na moja babu alilipiga lile gitaa, na halikuwa lake hata siku moja.

Nilipokuwa mdogo nilidhani huo ni uzembe. Nikamwuliza, babu, kwa nini hukununua lako? Akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka jana ndipo nilipoelewa kicheko kile. Ndugu msomaji, mimi nimeishia kidato cha nne, mchana nabangaiza na usiku naandika riwaya ambayo haiishi. Mhusika mkuu wa riwaya hiyo ni mpiga gitaa, nami nikaona aibu kumwandika mtu ambaye kazi yake siijui hata kwa vidole. Nikaanza kudunduliza. Nikapita Kariakoo nikiulizia Stratocaster ya Fender, ile halisi siyo ya kuigiza. Bei niliyotajiwa sitaiandika hapa, mama anaweza kuisoma. Mshikaji mmoja akaniambia Nairobi ni nafuu. Mwingine akasema achana na Nairobi, kuna mfanyabiashara anakwenda Dubai, mpe hela atakuletea, ila usubiri. Nimesubiri miezi minne. Katika kusubiri huko nikaanza kusoma habari za gitaa lenyewe, nikakutana na jambo ambalo shuleni hatukuambiwa: Waingereza nao, wale waliotutawala, walizisubiri ala za Marekani miaka minane, wakiwa na hela na bila hela.

Stratocaster ilitoka mwaka 1954 katika mji wa Fullerton, California. Aliyeitengeneza, Leo Fender, alianza maisha kama fundi redio, na hakujua kupiga gitaa mpaka anaingia kaburini. Lilikuwa gitaa la umeme la mbao nzima, bila tumbo wazi, lenye vinasa sauti vitatu na kijiti cha chuma cha kuitikisa sauti ikalia kama mtu anayelia kwa kwikwi. Likiwa na kijiti hicho liliuzwa dola 249.50. Kwa kiwango cha wakati ule, dola 2.80 kwa pauni moja, hizo ni kama pauni 89. Sasa vuka bahari uende London na pauni zako 89 mfukoni uone. Hupati. Wala ukiongeza hupati. Kuanzia mwaka 1951 mpaka 1959 ala za muziki za Marekani hazikuruhusiwa kuingizwa Uingereza kwa biashara.

Sababu ilikuwa moja tu, dola hazikuwapo. Uingereza ilitoka Vita Kuu ya Pili ikiwa mshindi mwenye mifuko iliyotoboka. Mwaka 1946 ilikopa Marekani dola bilioni 3.75, deni ambalo ilimaliza kulilipa Desemba 2006, wakati mimi tayari nimezaliwa. Wamarekani walitaka pauni ibadilishwe kuwa dola bila kizuizi. Waingereza wakajaribu tarehe 15 Julai 1947, watu wakakimbilia kubadilisha, na kufikia tarehe 20 Agosti serikali ikafunga dirisha. Wiki tano tu. Mwaka 1949 wakaishusha thamani pauni kutoka dola 4.03 hadi hizo 2.80. Nyama ilikuwa kwa mgawo mpaka Julai 1954, kwa kadi, kila familia na fungu lake. Wazee wetu waliopanga foleni ya sukari kwenye duka la kaya miaka ya themanini wangejisikia nyumbani kabisa. Katika hali hiyo, waziri gani angesimama bungeni kutetea gitaa? Dola ilikuwa ya ngano, mafuta, tumbaku na mashine. Gitaa ni anasa, na anasa ingoje.

Hapa naomba tutoke London kidogo turudi Tanga, kwa sababu hizo dola chache zilizokuwepo zilitoka mahali. Sehemu yake zilitoka kwetu. Baba yake babu alikuwa manamba, alikata mkonge upande wa Korogwe. Tanganyika wakati ule ilikuwa ikiongoza duniani kwa katani, na Mmarekani aliihitaji sana kwa kamba za kufungia majani ya ng'ombe. Wakati wa vita na miaka michache baadaye serikali ya Uingereza ndiyo iliyonunua katani yote ya Tanganyika, kwa bei iliyoipanga yenyewe. Na hata soko lilipoachiwa, dola iliyopatikana haikulala Tanga. Makoloni yote yalikuwa ndani ya kile kilichoitwa eneo la pauni: dola zinakwenda kwenye chungu kimoja London, makoloni yanaandikiwa pauni kwenye vitabu. Kakao ya Ghana ilipita njia hiyo, mpira wa Malaya hivyohivyo, na katani yetu hivyohivyo. Kwa hiyo kijana wa Liverpool aliyenyimwa gitaa kwa kukosa dola, na manamba wa Korogwe aliyezitoa hizo dola kwa kuchomwa miiba ya mkonge, walikuwa kwenye foleni moja, ingawa mmoja alikuwa mbali sana kutoka dirishani.

Haya, vijana wa Kiingereza walifanya nini? Walifanya anachofanya kijana yeyote. Mwaka 1956 muziki uitwao skifo ulivuma kwa sababu ya mwimbaji Lonnie Donegan, nao haukuhitaji vyombo vya maana. Besi ilitengenezwa kwa sanduku la kusafirishia majani ya chai, mpini wa fagio na kamba moja. Ngoma ilikuwa ubao wa kufulia nguo. Babu aliposikia hilo alifurahi mno, maana yeye alianza na gitaa la debe lenye nyuzi za waya wa breki za baiskeli, na siku zote alidhani hiyo ni aibu ya uswahilini peke yake.

Wenye hela kidogo walinunua magitaa ya nchi zisizodai dola. John Lennon mwaka 1957 aliagiza kwa posta gitaa liitwalo Gallotone Champion. Ndani yake palibandikwa karatasi ya kuhakikisha kwamba halitapasuka. Lilitoka wapi? Afrika Kusini, ndugu yangu! Afrika Kusini ilikuwa ndani ya eneo la pauni, hivyo hakuna aliyepaswa kuomba dola. Na jina Gallotone wazee wetu walilijua kabla ya Lennon, kwa sababu kampuni hiyohiyo ya Gallo ilitoa santuri. Ndiyo iliyotoa santuri za Mwenda Jean Bosco, yule aliyeimba Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa namna ambayo wapigaji wa Kenya na Tanganyika walikesha wakiitafuta kwa vidole. Alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Kongo, mji unaoitwa Likasi leo. Tarehe 6 Julai 1957, siku Lennon alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa, gitaa alilokuwa amelivaa ni hilo la Afrika Kusini.

George Harrison alikwenda njia nyingine. Novemba 1959, akiwa na miaka 16, alijipatia dukani Liverpool gitaa liitwalo Futurama. Lilitengenezwa Chekoslovakia, nchi ya kikomunisti, na lilikuwa limeigiza sura ya Stratocaster. Bei ilikuwa karibu pauni 58, kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Mtu wa chini ya miaka 21 hakuruhusiwa kisheria kujifunga na mkataba wa namna hiyo, kwa hiyo mzazi ndiye aliyetia saini. Fikiria mishahara: mfanyakazi wa kiwandani, mwanamume, alipata kama pauni 14 kwa wiki, na mtoto anayejifunza kazi alipata sehemu ndogo tu ya hizo. Deni la gitaa lilikuwa deni la nyumba nzima. Miaka miwili mitatu baadaye, meneja Brian Epstein alipowachukua Beatles, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kwenda dukani kulipa madeni yao ya vyombo, pauni 200.

Njia ya tatu ndiyo niliyoipenda, maana inanukia Dar es Salaam tupu. Mabaharia! Liverpool ilikuwa na vijana waliofanya kazi kwenye meli za kampuni ya Cunard zinazokwenda New York, wakaitwa Wamarekani wa Cunard. Walirudi na suti, na santuri ambazo hakuna aliyezisikia, na mara nyingine gitaa. Serikali ilizuia wafanyabiashara, lakini haikuweza kulizuia begi la kila baharia. Mwaka 1961 Harrison alisikia kuna mtu, baharia wa zamani aliyegeuka dereva wa teksi, anauza gitaa jeusi la Gretsch alilolinunua New York mwaka 1957. Mwenye mali alitaka pauni 90. Harrison alikuwa na 70. Wakaandikiana deni la pauni 20 nyuma ya karatasi ya forodha iliyokuja na gitaa lenyewe. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Karatasi ya forodha! Yaani mpaka wenyewe ukageuzwa kuwa hati ya deni. Wenzangu mnaoandika hadithi, mnajua tungelipa nini kubuni kitu kama hicho. Gitaa hilo Harrison alilipenda mpaka uzee. Ndilo aliloshika kwenye jalada la santuri yake ya mwaka 1987.

Na wengine walivuka mpaka wenyewe. Beatles walipokwenda kupiga Hamburg, Ujerumani, Lennon alijinunulia huko Rickenbacker ya Marekani mwaka 1960. Mwaka uliofuata McCartney alinunua palepale besi ya Höfner, ya Kijerumani, kwa kama pauni 30. Amesimulia mwenyewe kwamba Fender ilikuwa karibu pauni 100 na hakuwa na ubavu huo. Besi ile yenye umbo la fidla, ambayo dunia nzima inamjua nayo, aliichukua kwa kuwa ni rahisi. Iliibwa mwaka 1972 na ikarudi kwake baada ya miaka hamsini na kitu. Habari zilitangazwa Februari 2024.

Lakini Stratocaster je? Ilifika, na hapa ndipo kisa kinaponirudisha kwa babu.

Mwaka 1959 mwimbaji Cliff Richard alikuwa nyota mpya Uingereza, na mpiga solo wake alikuwa kijana mwenye miwani kutoka Newcastle, Hank Marvin. Hank alikuwa anapiga Antoria, gitaa la Kijapani ambalo shingo yake ilipinda kama upinde. Cliff akaona hii haifai. Wao walimhusudu James Burton, mpiga gitaa wa Ricky Nelson huko Marekani. Walijua anapiga Fender, ila hawakujua Fender gani. Wakaandika barua Marekani kuomba orodha ya bidhaa. Ilipofika wakaikodolea macho, wakakubaliana kwamba bingwa kama yule lazima anapiga ile ya bei kubwa kuliko zote. Wakaagiza hiyo: Stratocaster nyekundu, vyuma vimepakwa dhahabu, shingo ya mbao yenye madoa kama macho ya ndege. Kumbe Burton alikuwa anapiga Telecaster, ile ya bei ndogo! Gitaa lililobadilisha sauti ya nchi nzima liliagizwa kwa makosa. Na gharama yake, zaidi ya pauni 100, ilitoka mfukoni mwa Cliff.

Linasemekana kuwa miongoni mwa Stratocaster za kwanza kabisa kuingia Uingereza, katika mwaka uleule ambao marufuku ilikuwa inafikia mwisho. Julai 1960 Hank na wenzake, The Shadows, wakatoa "Apache", muziki mtupu bila mwimbaji. Kijiti kile cha chuma kinasikika wazi. Ulikaa namba moja wiki tano. Na wimbo walioung'oa hapo juu ulikuwa wa nani? Wa Cliff Richard mwenyewe, bosi, mwenye gitaa. Vijana kila kona ya Uingereza wakaanza kuota gitaa jekundu, na safari hii maduka yakaruhusiwa kuwaletea, kwa bei yenye ushuru na kodi juu yake.

Nilipomsimulia babu alinikatiza hapo. "Subiri. Amelinunua mwimbaji?"

Ndiyo, babu.

"Basi la mwimbaji."

Ndivyo lilivyokuwa. Gitaa lilikuwa mali ya Cliff, Hank alikuwa amepewa kulitumia. Nikamwona babu anatikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza akanieleza habari zake bila mzaha.

Kwetu, alisema, hakukuwa na Cliff. Kulikuwa na shirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, kulikuwa na bendi za polisi, magereza na jeshi la kujenga taifa. Kuagiza chombo nje kulihitaji kibali na fedha za kigeni, na mtu binafsi vyote viwili angevitoa wapi? Chama au shirika liliweza. Kwa hiyo mwanamuziki aliajiriwa, akapata mshahara, ambalo ni jambo jema na babu halikatai. Watoto wake walisoma kwa mshahara huo. Lakini mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Akikosana nawe, unatoka na sauti yako na vidole vyako tu. Hata matajiri walipoanza kuingia kwenye muziki ilikuwa vilevile. Mwaka 1985 Hugo Kisima alipoanzisha International Orchestra Safari Sound na kuwachukua Muhiddin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka kutoka Mlimani Park, watu walizungumza habari za waimbaji kuhama. Babu anasema wanamuziki wenyewe swali lao la kwanza lilikuwa: vyombo vikoje?

Wengine walihama na nchi. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walioanzia Jamhuri Jazz palepale Tanga, walipita Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya wakawa Simba Wanyika. Kule kulikuwa na makampuni ya santuri na maduka yenye mali. Kutoka Tanga mpaka wa Horohoro ni karibu, unakwenda na kurudi siku moja.

Babu naye alijaribu. Mwaka 1976 aliona gitaa la umeme kwenye dirisha la duka Mombasa, la Kijapani, kwa bei ambayo Dar usingelipata hata bila nyuzi. Akadunduliza. Shilingi zetu na zao kwa serikali zilikuwa karibu sawa, lakini mitaani hazikuwa sawa hata kidogo, na alibadilisha kwa mlanguzi kwa hasara. Akampa utingo wa lori advansi akaiweke dukani. Zilikuwa zimebaki safari mbili za kumalizia. Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ikavunjika mwaka huohuo. Ulifunguliwa Novemba 1983. Siku mpaka ulipofunguliwa, anasema, hakuwaza udugu wa Afrika Mashariki wala nini, aliwaza lile dirisha. Alikwenda. Duka lilikuwa linauza vitambaa.

Hakununua tena. Miaka miwili baadaye aliacha bendi, na ule ugomvi wa mkanda nimekwisha kuusimulia.

Gitaa langu halijafika. Yule mtu wa Dubai anasema wiki ijayo, na wiki ijayo zimeshakuwa nyingi. Lakini nilikuwa nimesahau kumalizia kisa cha Hank, nikamalizia wikiendi iliyopita tukiwa barazani. Nikamwambia babu kwamba lile gitaa jekundu hatimaye lilirudi kwa Cliff, na sasa kwa miaka mingi linatunzwa na Bruce Welch.

"Huyo ni nani?"

Mpiga rithimu wao, nikasema.

Babu akakaa kimya muda mrefu, akauangalia mlango wa chumba chake.

"Na mkanda," akauliza, "alirudisha na mkanda?"